Tupime na Sahani, Tusiishie Kwenye Gunia

Leo nina jambo la chakula. Naomba unisikilize hasa wewe unayepika uji wa mtoto, wewe unayesaga na kuuza unga, na wewe ambaye siku hizi unavuna na kupukuchua mahindi.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kufika kwenye zahanati na hospitali wakiwa na macho ya manjano, matumbo yamevimba, wanatapika. Ugonjwa huo haukuletwa na mbu, wala haukuambukizwa kutoka mtu hadi mtu. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ukaishia jikoni, kwenye mahindi ya nyumbani, na humo ilikutwa sumukuvu iitwayo aflatoksini, inayotengenezwa na kuvu waotao kwenye nafaka na karanga. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, wenzetu wa Kenya walikuwa wamezika watu 125 kati ya wagonjwa 317, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Na nyuma zaidi, mwaka 1981, sumu hiyo hiyo iliua watu 12 kati ya wagonjwa 20 huko Machakos.

Misiba hiyo ilitushtua. Viongozi wakafika, sampuli zikachukuliwa, mahindi mengine yakateketezwa. Kisha msimu mwingine ukaingia, tukarudi kwenye sufuria zetu kama kawaida. Mimi nasema bado tuna swali hatujalijibu: tunapoambiwa chakula hiki ni salama, usalama huo umepimwaje, na kipimo hicho kinamlinda nani?

Aflatoksini ilijulikana kisayansi mwaka 1960, Uingereza, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa muda mfupi. Walichunguzwa, ikaonekana wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ndani ya mashudu hayo mlikuwa na sumu ya kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kuvu huyu anaishi kwenye udongo. Anapenda joto, anapenda mmea ulioteswa na ukame, na huingia kwa urahisi kwenye punje iliyotobolewa na wadudu. Mahindi yakivunwa na unyevu na kurundikwa ndani, anaendelea kuzaliana ghalani. Ndivyo ilivyokuwa Kenya mwaka 2004: mvua zilinyesha wakati wa mavuno, na kaya nyingi zikahifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba.

Sasa sikiliza ukali wake. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo ya mahindi. Mikrogramu ni sehemu 1 kati ya milioni 1 za gramu. Piga hesabu nami: gramu 1 tu ya sumu hii, ikitawanywa sawasawa, inatosha kuyafikisha kwenye kiwango hicho magunia 1,000 ya mahindi, kila gunia la kilo 100. Ndiyo maana jicho halitoshi, pua haitoshi, na ulimi hautoshi. Punje yenye ukungu wa kijani inatutahadharisha, lakini punje inayong'aa haitupi hakikisho. Na moto wa jikoni hautuokoi, kwa sababu aflatoksini huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, na maji ya ugali huchemka kwenye nyuzi 100. Ugali ukiiva vizuri vijidudu hufa. Sumu hii hubaki.

Wataalamu wanaopima usalama wa chakula huanza kwa kuuliza: kitu hiki kinafanya nini mwilini? Kwa aflatoksini jibu linajulikana vizuri. Ikifika kwenye ini, ini lenyewe hujaribu kuibadilisha ili iondoke, na katika mabadiliko hayo hutokea umbo kali linalojibandika kwenye vinasaba vya seli. Kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, vinasaba vinaharibika, na saratani ya ini inaweza kuanza. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu.

Kisha wanauliza: kiasi gani kinadhuru? Hapa, msikilizaji, pana jambo zito. Kwa sumu nyingi wataalamu hutaja kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila madhara. Kwa aflatoksini hawajataja. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Shirika la Afya Duniani, ijulikanayo kama JECFA, ilisema ipunguzwe hadi pale chini kabisa tunapoweza kufika. Mwaka 1998 kamati hiyo ilikokotoa pia kwamba nguvu ya sumu hii kuleta saratani kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B ni mara 30 zaidi ya kwa mtu asiye navyo. Utafiti uliofanywa Shanghai kwa wanaume 18,000 ulionyesha hali hiyo hiyo. Waliokutwa na dalili za aflatoksini kwenye mkojo walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi, wenye virusi vya homa ya ini B mara 7, na waliokuwa na vyote viwili karibu mara 60.

Swali linalofuata ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa maana ndilo tunaloliruka: mtu huyu anakula kiasi gani?

Kiwango cha sheria kinazungumzia kilo ya mahindi. Hakisemi unakula kilo ngapi. Tuchukue mtu mzima wa kilo 60 anayekula gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku, ugali mchana na ugali usiku. Unga wake tuseme uko kwenye mstari wa sheria kabisa, mikrogramu 10 kwa kilo, umepita ukaguzi. Mtu huyo anaingiza mwilini mikrogramu 4 kila siku. Mwenzake, mahali ambapo mahindi ni kitafunwa tu, anakula gramu 20 za unga ule ule. Anaingiza sehemu 1 ya 20 ya kiasi hicho. Unga ni mmoja, cheti ni kimoja, hatari ni tofauti mara 20.

Nikitumia hesabu za JECFA za mwaka 1998, kiasi anachokula huyu mtu wetu wa ugali, kikiliwa na watu 100,000 wasio na virusi vya homa ya ini B, kinakadiriwa kuleta chini ya mgonjwa 1 wa saratani ya ini kwa mwaka. Kikiliwa na watu 100,000 wenye virusi hivyo, wagonjwa wanakaribia 20 kila mwaka. Na hao wote wamekula unga halali.

Sasa mpime mtoto. Ana kilo 10, na uji wake wa siku unachukua gramu 100 za unga. Kwa kila kilo ya mwili wake anapata sumu nyingi kuliko yule mtu mzima, mara 1 na nusu. Naye hana chakula kingine cha kuchanganya. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Tena ule tunaouita uji wa lishe, ambao mama huupika kwa mapenzi yote, mara nyingi una mahindi na karanga pamoja, na hivyo ndivyo vyakula viwili ambavyo aflatoksini inavipenda kuliko vingine.

Na aflatoksini haiko peke yake. Mahindi yetu hubeba pia fumonisini, sumu ya kuvu wengine wanaoanzia shambani, ambayo imehusishwa na saratani ya umio. Kwa hii JECFA wametaja kikomo: mikrogramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kinaruhusu miligramu 2 za fumonisini kwa kilo ya mahindi. Hebu tukokotoe. Yule mtu mzima wa gramu 400, akila mahindi yaliyofika kwenye kiwango hicho, anapata mikrogramu 13 kwa kila kilo ya mwili wake, zaidi ya mara 6 ya kikomo cha wataalamu. Mtoto wa kilo 10 anapata mikrogramu 20, mara 10 ya kikomo. Gunia limefaulu mtihani, mtoto ameshindwa.

Haya si ya kwenye karatasi tu. Watafiti waliwapima watoto wadogo katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Zaidi ya watoto 8 kati ya kila 10 walikuwa na alama za aflatoksini kwenye damu, na karibu wote walikuwa na fumonisini kwenye mkojo. Na wale waliokuwa na fumonisini nyingi zaidi walionekana kuwa wafupi zaidi kadiri miezi ilivyokwenda. Tunapozungumzia udumavu, tunataja maziwa, mayai, mboga, na ni sawa. Lakini unga wenyewe nao tuuweke mezani tuuulize maswali.

Najua kuna atakayesema: basi tushushe kiwango, tuweke kama Ulaya. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 4 tu kwenye nafaka nyingi, na kwa chakula cha watoto wachanga aflatoksini B1, iliyo kali kuliko zote, haipaswi kuzidi sehemu 1 ya 10 ya mikrogramu. Ni viwango vizuri kwa mlaji. Lakini kiwango peke yake hakilindi mtu. Mwaka 2001 wachumi watatu wa Benki ya Dunia walikadiria kwamba ukali wa viwango hivyo vya Ulaya, ukilinganishwa na viwango vya kimataifa vya Kodeksi, ungepunguza vifo vya walaji kwa takriban 1.4 kwa kila watu bilioni 1 kwa mwaka, na ungeipotezea Afrika mauzo ya dola milioni 670. Na mimi naongeza: karanga safi zikichaguliwa kwa ajili ya meli, zile zilizosinyaa na kuvunjika zinazobaki zinaliwa na nani? Huziona sokoni kwa bei ya chini, zimekwisha kusagwa, na anayezinunua ni yule ambaye mfuko wake hauna uchaguzi.

Kuna ugumu mwingine, wa kupima kwenyewe. Mpishi akikoroga mchuzi na kuonja kijiko 1, anajua chumvi ya sufuria nzima. Gunia la mahindi halikorogeki hivyo. Sumu imejificha kwenye punje chache. Punje 1 ya karanga inaweza kubeba kiasi kikubwa ajabu huku jirani zake maelfu hawana kitu. Mkaguzi akichoma gunia kwa bambo upande mmoja tu, anaweza kuipita sumu yote, au akaichota yote na kulihukumu gunia zima. Ndiyo maana kosa kubwa la vipimo hivi halitokei maabara. Hutokea mkono unapochota. Sampuli ya haki huchotwa sehemu nyingi za shehena, juu, chini, katikati, pembeni, ikachanganywa, ikasagwa, ndipo ikapimwa. Mfanyabiashara akikuonyesha karatasi ya maabara, muulize pia sampuli ilichukuliwaje.

Mwezi Machi 2021 tuliona Kenya ikizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakapanga foleni mpakani, simu zikapigwa kati ya miji mikuu, na baada ya siku chache zuio likageuzwa kuwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena iwe na cheti cha kuonyesha haijazidi mikrogramu 10. Mwaka 2019 huko huko Kenya, shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi dukani kwa sababu hiyo hiyo. Hatua hizo nazikubali. Lakini tazama zinamgusa nani. Zinagusa mahindi yanayosafiri na unga wenye nembo. Mahindi yanayotoka shamba la Chemba, mkoani Dodoma, kwenda kihenge cha Chemba, kisha mashine ya kijiji, kisha sufuria, hayakutani na mkaguzi hata mara 1. Na hayo ndiyo yaliyoua mwaka 2016. Tukingoja Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lifike kila kihenge, tutangoja sana. Ukaguzi wa kwanza wa chakula cha nchi hii uko mikononi mwa mkulima na mama wa nyumbani. Basi tuwape watu hao maarifa, na vifaa.

Tuanze shambani. Ipo dawa ya kibiolojia iitwayo Aflasafe, iliyotokana na kazi ya taasisi ya utafiti wa kilimo cha tropiki, IITA. Ni mbegu za mtama zilizopakwa kuvu wa aina ile ile ya Aspergillus, ila wale wasiotengeneza sumu. Hurushwa shambani wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajachanua, kilo 4 kwa eka. Kuvu hao wema huwahi nafasi, na wale wenye sumu hukosa pa kukaa. Dawa hii imesajiliwa Kenya na Tanzania, na inashusha aflatoksini kwa asilimia 80 na zaidi.

Wakati wa kuvuna, usiweke mahindi juu ya udongo, tandika turubai. Watafiti walifanya jaribio mashariki mwa Kenya, wakawapa wakulima mafunzo na maturubai ya kuanikia, na sumu ikapungua kwa zaidi ya nusu. Turubai, msikilizaji! Anika mpaka unyevu ushuke asilimia 13 hivi. Huna mashine ya kupimia? Chukua chupa safi kavu inayopenya mwanga, tia punje na chumvi kavu kiasi, tikisa vizuri, kisha iache itulie kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Yakikauka sawasawa, yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa au kihenge cha chuma, na uwanyime nafasi wadudu na unyevu.

Kabla ya kusaga, chambua. Ondoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizoota ukungu. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini sumu nyingi imo kwenye punje hizo chache. Na hapa nizungumze na wapenzi wa dona. Dona lina virutubisho, ni kweli, lakini sumu hii hukaa zaidi kwenye kiini na ganda, na kukoboa huondoa sehemu yake kubwa. Kwa hiyo dona lisagwe kwa mahindi uliyoyaamini na kuyachambua. Mahindi yenye mashaka usiyageuze dona, na usimsagie mtoto kwa namna yoyote.

Zile punje mbovu nazo zisirudi kwa mlango wa nyuma. Wengine huzitumia kutengenezea pombe ya kienyeji, wengine huwapa ng'ombe na kuku. Ng'ombe akila pumba au mashudu yenye aflatoksini, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto yule yule tuliyemchambulia mahindi.

Jambo la mwisho la nyumbani ni kubadilisha chakula, na hapa nina ushahidi wa kututia moyo. Huko Qidong nchini China, watu walikuwa wakila mahindi kila siku na saratani ya ini iliwamaliza. Kuanzia miaka ya 1980 mchele ukapatikana, watu wakahama kutoka mahindi. Aflatoksini kwenye damu zao ikashuka mno, na vifo vya saratani ya ini vikapungua zaidi ya nusu kwa watu wa chini ya miaka 35, ingawa wote walizaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini kuwafikia watoto wote. Sisi tunavyo viazi, ndizi, mchele, muhogo, mtama, uwele. Hata vingine kati ya hivyo huota kuvu vikikaushwa vibaya, lakini sahani inayobadilika haikusanyi sumu ya chakula kimoja kila siku. Na ukapime homa ya ini B. Kama huna virusi, omba chanjo. Watoto wetu wanapata chanjo hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi wakubwa wengi hatukuipata.

Lakini sitaki nimwachie mama mzigo wote. Serikali zetu zina deni. Viwango vya Afrika Mashariki vipimwe upya kwa kuangalia mtu wa huku anakula mahindi kiasi gani, na chakula cha mtoto kiwekewe kiwango chake cha peke yake, kilicho kikali kuliko cha mtu mzima. Unga wa lishe unaouzwa kliniki na sokoni ukaguliwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Na kila kata inayolima mahindi iwe na kipima unyevu na mtu anayejua kukitumia, kwa sababu gharama yake haifiki hata kidogo gharama ya msiba wa mwaka 2016.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji au wa mtaa ujao, simama uulize mambo matatu. Kipima unyevu cha kata kiko wapi? Afisa ugani atakuja lini kutufundisha kuanika na kuhifadhi kabla ya mavuno? Na unga wa uji unaouzwa hapa kwetu umepimwa lini, na majibu yake yako wapi? Uliza, andika jibu, na mkutano unaofuata uliza tena mpaka upate majibu ya kweli.